Kiti cha Mke Wangu Kwenye Meza ya Poka

Tarehe kumi na tisa Juni, mwaka juzi, nilimpoteza mke wangu. Alikuwa mpishi katika kambi ya wajenzi wa barabara kule Ngaremara, na huko ndiko alikojifunza poka, akiwaangalia mafundi wakicheza baada ya chakula. Alinizidi mbali katika mchezo huo. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu alipokuwa hai sikuwahi kukubali mbele ya watu.

Mara moja kwa mwezi, Jumapili baada ya kanisa, watu kumi hukutana katika chumba cha nyuma cha lojingi moja, nyumba ya wageni, hapa Isiolo. Kila mtu huanza na sarafu hamsini za plastiki. Unapewa karata mbili zako, nyingine tano zinafunguliwa mezani kwa hatua, na watu wanaweka dau. Ukiishiwa sarafu unainuka. Anayebaki peke yake anaondoka na zawadi ya mbuzi beberu. Kuna sheria nyingine: ukitolewa kabla ya chai ya mapumziko mara tatu mfululizo, unapoteza kiti, maana kuna watu wanangoja nafasi. Mimi changu nilikipoteza mapema. Mke wangu hakutolewa kabla ya chai hata siku moja.

Miezi miwili baada ya mazishi, mwenyekiti wetu, sajini mstaafu wa polisi, alikuja nyumbani. Alikunywa maji, kisha akasema, "Mzee, kiti cha mama bado kiko wazi. Kuja ukikalie mara moja. Ukifika chai, ni chako. Usipofika, kuna mwalimu anakingoja."

Nilimwambia nitakuja. Sikutaka mwalimu akae pale.

Shida yangu nilikuwa naijua. Mimi ni dalali wa mifugo. Sokoni tunapatana bei ya ngamia kimya, mikono ikiwa chini ya shuka, vidole vikisema kiasi. Mtu akikushika vidole ni lazima umjibu, hata kama mnyama humtaki. Kuondoa mkono bila jibu ni kumdharau. Nimefanya kazi hiyo miaka ishirini na sita, na mkono wangu ulibeba tabia hiyo hadi mezani. Mtu akiweka dau, nilijibu. Karata nzuri, karata mbovu, nilifuata. Mwanzoni dau ni sarafu moja au mbili tu, kwa hiyo niliona si kitu. Chai ilipokaribia sarafu zilikuwa zimeisha, na nisingeweza kukuonyesha ni wapi hasa nilipopigwa.

Siku moja mke wangu alinieleza, akichambua maharagwe. "Baba watoto, ng'ombe aliyekonda unampita bila hata kumuuliza mwenyewe bei. Karata iliyokonda mbona unaisalimia?" Nilikasirika. Sikumsemesha mpaka kesho yake. Hilo pia ni kweli.

Baada ya sajini kuondoka nilizitoa karata zake kabatini. Kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni nilijigawia mbili, nikazitazama, na zikiwa mbovu nikazitupa. Katika mara kumi, nane nilitupa. Nilikuwa naufundisha mkono kutojibu.

Jumapili hiyo nilikaa kwenye kiti chake. Kushoto kwangu alikuwa dereva wa lori la kwenda Merti, mtu wa maneno mengi. Mbele yangu alikuwa mama mmoja Mmeru anayeuza vitunguu. Nusu saa ya kwanza nilicheza mara moja tu, nikapata sarafu nne. Muda uliobaki nilitazama watu, na nilishangaa ni mambo mangapi yalikuwa wazi siku zote. Mama wa vitunguu hakupandisha dau asipokuwa na kitu. Dereva alipandisha hata kwa hewa, bila karata yoyote ya maana, hasa akiona watu wamechoka.

"Dalali leo amekuja kutazama sinema," dereva alisema.

"Mwache," mama alimjibu. "Wewe umeongea tangu saa nane na sarafu zako ndizo zinapungua."

Halafu nikapata kingi mbili, jozi ya wafalme. Nilipandisha hadi sita, wote wakatupa isipokuwa dereva. Karata tatu zikafunguliwa: esi, tisa, nne. Niliweka kumi. Dereva alizitazama karata zake, akasukuma sarafu zake zote katikati.

"Nimekushika kidole, dalali," alisema. "Jibu."

Watu walicheka, na mimi mwenyewe karibu nicheke. Mkono wangu ulishaanza kwenda kwenye sarafu. Kufikia hapo alikuwa amezirudisha sarafu zake, zikawa kama zangu. Nikifuata na nikikosea, ninainuka. Pengine alikuwa na esi ya pili, inayoshinda kingi. Pengine alikuwa na hewa. Lakini ilikuwa bado mapema, nilichokuwa nimeweka kilikuwa bado kidogo, na sarafu nilizobakiwa nazo zilitosha kungoja karata nyingine. Hakuna kilichonilazimisha kujua siku hiyo.

"Leo sinunui," nikasema, nikazisukuma kingi zangu kifudifudi.

Dereva alikusanya sarafu bila kufunua karata zake. Mpaka leo sijui alikuwa na nini, na sijamuuliza.

Chai ililetwa nikiwa na sarafu thelathini na mbili. Watatu walikuwa wameshainuka. Sajini alifungua daftari la viti, akatafuta mstari wa mke wangu. Sikuwa nimefikiria kwamba hilo lingefuata. Alichora mstari mmoja juu ya jina lake, akiwa mwangalifu kama anayekata kitambaa, akaandika langu kando.

"Ni sawa?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Ni sawa."

Tulimaliza chai. Mama wa vitunguu akachanganya karata, akagawa. Nilipewa nane na tatu, rangi tofauti. Nikazitupa.