Kambare Niliyemleta Mwenyewe

Baba yangu hakula samaki maisha yake yote. Alisema ni nyoka wa majini, na mtu aliyekulia zizini hawezi kufikwa na njaa ya namna hiyo. Ndiyo maana siku nilipomkuta amevuta kigoda mbele ya tangi la kioo sebuleni kwangu, fimbo magotini, akiwakazia macho samaki wangu kana kwamba kaleta mifugo lamboni kunywa maji, nilicheka mpaka nikashika ukuta.

"Cheka tu," alisema. "Hao wekundu hawatakaa na hao wadogo. Waangalie wanavyokula."

Zilikuwa enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa. Mitumba, redio kaseti, chupa za chai za maua, kila kitu kilikuwa kimejaa madukani ghafla, na kila mwenye kiajira alitaka sebule yake iwe na cha kumshangaza mgeni. Mimi nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali pale Dodoma, nikiishi Chang'ombe, sina mume, na ulimi wangu ulikuwa mkali kuliko pilipili. Bosi mmoja alipohamishiwa Dar es Salaam aliuza vyombo vyake vya ndani, nami nikanunua tangi pamoja na samaki wake: wawili wekundu, wale waitwao wa dhahabu, na kundi la wadogo wenye mikia mipana ya rangi, wale wanaozaa watoto hai. Aliniachia maagizo mawili. Maji ya bomba yalale ndooni siku mbili kwanza, dawa iishe. Na nisichanganye samaki ovyo. La kwanza nililishika.

Baba aliletwa kwangu kutoka kijijini, mbele ya Mpwapwa, baada ya kubaki bila ng'ombe hata mmoja. Kwetu mwenye ng'ombe hawaweki wote kwenye zizi lake. Watatu huwapeleka kwa shemeji, watano kwa rafiki ng'ambo ya mlima. Anayewatunza hunywa maziwa, ndama ni wa mwenyewe, na ugonjwa ukipiga boma moja haummalizi mtu. Mwenyewe akifa, waliowekewa huja msibani na kutaja walichonacho, hata kama hakuna shahidi. Lakini ruksa ilipoingia, minada ikachangamka, malori ya wachuuzi yakawa yanapita mpaka vijijini, baba akaanza kuogopa kwamba watu watauza wa kwake. Akawakusanya wote. Mwaka haukuisha, homa ya mapafu ikaingia zizini, ikawapukutisha.

"Niliwashuku watu bure," aliniambia siku moja. Hakulirudia tena neno hilo.

Kwangu alikaa miezi akiitikia salamu tu. Waliomfungua kinywa ni samaki. Alikuwa akiangalia nani anawahi chakula, nani anasukumwa pembeni, nani anafukuzwa hata akiwa ameshiba. Kila mmoja alimpa jina la rangi ya ng'ombe aliyewahi kumfuga. Nilipoleta perege wawili wadogo kutoka bwawa la Hombolo, kwa sababu tu walinipendeza, dume alichimba shimo kwenye changarawe, akawa anamkimbiza kila anayepita karibu.

"Huyu ni fahali wa kukaa kwake," alisema baba. Akawatoa wote wawili kwa kikombe cha chai, akampelekea jirani yetu, fundi cherehani, aliyekuwa na pipa la maji uani. Wale wa dhahabu akawahamishia kwenye beseni kubwa, maana aliwaona wanameza watoto wa wenzao. Umeme ulipokatika kwa mgawo, pampu ya hewa ikazima, alishinda akichota maji ya tangini kwa kata na kuyarudisha taratibu kutoka juu, ili wapate pumzi. Nikirudi kazini namkuta viganja vimemkunjamana kwa maji, na anacheka.

Wale wadogo wakazaana. Siku moja nikamwona anavuka kwenda kwa mama muuza vitumbua, amebeba chupa ya jamu yenye samaki.

"Baba, unagawa samaki wangu?"

"Sigawi. Naweka."

Uzee huo, nikajisemea, nikaingia jikoni.

Kisha mwenzangu wa ofisini akanishauri nitafute kambare mdogo. Anakula uchafu wa chini, alisema, utapumzika kusugua. Nikamleta, hajazidi kidole. Baba alimtazama muda mrefu.

"Mwenye mdomo mpana hivyo halazwi na watoto."

"Jamani baba! Wewe unajua ng'ombe. Samaki hata kuwala huwali!"

Akarudi kwenye kigoda chake. Kambare akajilaza chini ya jiwe, mpole huyo, mchana kutwa hata mkia hatikisi. Wiki zikapita. Nikaanza kuona tangi linapwaya. Kila asubuhi ni kama kuna aliyepungua. Nami sikuwa na haja ya kuchunguza, jibu nilikuwa nalo: mzee kawamaliza kwa majirani.

Ilikuwa Jumamosi. Baba alikuwa amekaa uani, fundi anashona kibarazani kwake, mama wa vitumbua anapepeta mchele. Nikatoka, mikono kiunoni.

"Baba, samaki wangu wanaisha. Kwa kuwa ng'ombe wako umewamaliza, sasa umegeukia mali yangu?"

Mdomo uliponza kichwa, wanasema. Wangu haukukiponza kichwa changu, ulimponza baba. Cherehani ilisimama. Fundi akataka kusema neno, baba akamwinulia kiganja anyamaze. Kisha akainama, akawa anaitazama fimbo yake. Jumatatu aliomba nimpakize basi la Mpwapwa.

"Nimekaa vya kutosha, mwanangu."

Sikumbembeleza. Hasira zilikuwa bado zinanichemka, na nilijiona nina haki.

Jumatano nikasafisha tangi. Niliponyanyua jiwe, kambare alikuwa amenenepa kama kifundo cha mkono wangu, na mdomoni kwake kilining'inia kipande cha mkia wa rangi. Lo! Nilikaa chini pale pale, maji yakinidondoka viganjani. Humo ndani alibaki yeye peke yake.

Mpwapwa si Ulaya. Ningepanda basi kesho yake nikapiga magoti. Lakini aibu ni mzigo, jamani, usikie tu kwa watu. Nikasema nitaenda mwisho wa mwezi. Nikasema nitaenda wakati wa likizo. Nikamnunulia blanketi zito, nikaliweka kabatini, na kila nikilikunja upya nafanya mazoezi ya maneno nitakayomwambia. Mvua zikaanza, ikaja taarifa kwamba baba amefariki. Blanketi nilienda nalo. Ndilo tulilomfunikia.

Niliporudi Chang'ombe majirani walikuja kunipa pole. Nilikuwa nimekaa mkekani. Mama wa vitumbua, mtu wa Tanga ambaye mambo ya kwetu hayajui, aliingia akiwa na chupa ya jamu chini ya khanga yake. Nyuma yake fundi na ndoo. Nyuma ya fundi mwanamke wa nyumba ya tatu, ambaye hata salamu zetu zilikuwa za shida, naye ana beseni, wale wawili wa dhahabu ndani.

"Mzee aliniwekea watatu," mama wa vitumbua alisema. "Wamezaa. Mmoja alinifia, sikufichi."

"Mimi perege wawili," akasema fundi. "Wapo."

Sikuweza kuwatazama usoni. "Kaeni nao," nikasema. "Baba hayupo tena wa kuwachukua."

"Si wa baba yako hawa," alisema yule mama. "Tangu siku ya kwanza alituambia: mwenye mali ni binti yangu, mimi mchungaji tu. Na Jumatatu ile alipita kwangu na begi lake begani. Akasema, nimemwachia yule mwenye mdomo mpana, hao wa kwenye kioo wataisha. Wakiisha, mrudishieni hawa aanze tena."

Nililia kilio ambacho hata makaburini sikukilia. Mtu niliyemwita mwizi alikuwa ananichungia.

Baadaye mama wa vitumbua akaniuliza kwa upole awamimine wapi. Tangi lilikuwa kavu tangu nilipomtoa kambare, limejaa vumbi, nilikuwa nimeweka nguo za kupasi ndani yake. Nikamwambia akae nao siku mbili zaidi. Nikakinga ndoo bombani, nikaiweka karibu na kigoda cha baba, nikaiacha ilale.