Baba, Mume Wangu na Kamshafti Kubwa

Baba yangu kaendesha gari la wagonjwa maisha yake yote na hajawahi kugonga hata kuku. Tangu astaafu, sijui kaingiwa na nini. Kanunua kigari cha zamani, anataka kushindana nacho kule mlimani na vijana wa rika la wajukuu zake.

Fundi wake ni mume wangu. Hapo ndipo penye balaa, maana mume wangu akisimama mbele ya baba mkwe, ulimi wote unamwisha.

Juzi gereji kulikuwa na kamshafti mbili mezani, vile vyuma virefu vyenye vinundu vinavyofungua na kufunga valvu. Mume wangu akainua ile ya wastani.

"Hii ndiyo inalifaa, baba. Ile nyingine inaacha valvu wazi mno. Ukienda polepole, injini haivuti hewa vizuri, na mvuto huo ndio unaosaidia breki. Pedali itakuwa ngumu."

"Ipi inanguruma kama ya mashindano?"

"Ile nyingine, baba."

"Basi funga hiyo. Breki ni za waoga."

Mtu aliyebeba wagonjwa, jamani! Nikamvuta mume wangu nyuma ya gereji. "Mkatalie!"

Akawa anafuta mikono iliyokwisha kutakata. "Mama watoto, aliyenipa mke nitamwambiaje hapana? Mwambie wewe, ni baba yako."

Kwani sijamwambia? Kanijibu mambo ya injini niwaachie wanaume. Sikio la kufa halisikii dawa. Nilitaka kulia, nikajikuta nacheka.

Jana gari likawashwa, ile kamshafti nyingine imeshafungwa. Gari zima likatetemeka, majirani wakatoka nje kutazama, baba meno yote nje.

"Kanyaga breki kwanza, baba," mume wangu akasema.

Baba akakanyaga, mshipa ukamsimama shingoni. "Miguu yangu bado ina nguvu. Panda, mkwe, tulijaribu kwenye mteremko."

Nilidhani atatafuta kisingizio, hata kikohozi tu. Wapi! "Sawa, baba," akasema. Akapanda, akafunga mkanda, hakunitazama.

Nikaukimbilia mlango wa nyuma, nikauvuta, umefungwa. Wakaanza kushuka, aliyenizaa na aliyenioa, ndani ya gari moja. Niliita mpaka sauti ikakauka. Hakuna aliyegeuka.