Mke wangu aliacha kujipima uzito, nikajua kapata mwanaume

Wakuu, habari za huko mliko.

Hiki ninachoandika kimenikuta mimi mwenyewe, sikukisikia kijiweni. Anayetaka kucheka acheke, nimeshajicheka vya kutosha.

Naishi hapa Tunduma, ni wakala wa forodha, nashughulikia karatasi za malori yanayovuka kwenda Zambia. Asili yangu ni milimani Ileje. Mke wangu, nitamwita Mama Tumaini, ni Mnyiha wa Hasamba, fundi cherehani. Baada ya mtoto wa pili alinenepa, na kila mwaka mpya lengo lake likawa moja tu: kupungua.

Januari nzima anashinda na chai ya rangi. Asubuhi anapanda kwenye mzani alioununua Nakonde, upande wa Zambia, ananiuliza, "Baba Tumaini, nimepungua?" Mwezi wa pili anachoka, tunaendelea na maisha.

Sasa mwaka huo Januari ikaingia, kimya. Haulizi kitu. Chakula anakula, mchana na jioni. Mzani siuoni. Namuuliza uko wapi, ananijibu, "Nimeugawa."

Wakuu, hapo ndipo akili yangu ilipoanza kusimama.

Mwanamke aliyehangaika miaka sita na mwili wake anaachaje ghafla hivyo? Tena ana furaha! Anaimba akishona. Halafu kila Jumanne anafunga kibanda chake cha kushonea saa nne, anavaa raba, anapotea hadi saa tisa. Nikiuliza, "Nilienda kufuata vitambaa." Vitambaa vyenyewe sivioni.

Nikamweleza rafiki yangu Shabani, msafirishaji, mtu wa Tanga. Shabani akanitazama kama mtu aliyefiwa. "Kaka, mwanamke akiacha kukuuliza wewe kama kapendeza, ujue kuna mwingine anamwambia."

Sikula vizuri siku tatu.

(Ushauri wa pembeni: mambo ya ndoa usimpelekee mtu ambaye kaachana na wake wawili. Tuendelee.)

Nikaanza upelelezi. Simu yake safi. Pochi safi. Nikafungua daftari lake la vipimo vya wateja, na katikati ya viuno na mabega ya watu nikakuta ukurasa wenye kichwa "Mwaka huu". Nanukuu nilivyokariri:

"Nipande kilima cha kwa mama bila kusimama njiani. Nilale usingizi. Nile mchana. Jumanne Nanyala, nisikose. Baba Tumaini asijue."

Hilo la mwisho lilinipiga kifuani. Nilikaa kwenye kile kiti cha cherehani. Miaka tisa ya ndoa, asijue!

Jumanne iliyofuata nikaaga naenda kazini. Nikamkuta Shabani na pikapu yake kule njia ya kutokea mjini, tukaifuata Hiace aliyopanda mke wangu. Kweli akashuka Nanyala, njia ya Mbeya. Na kweli, wakuu, alikuwepo mwanaume anamsubiri. Mzee kidogo, suruali imepigwa pasi. Akampokea mkoba, wakaongozana kwenye nyumba moja nyuma ya barabara.

Shabani akasema tulia. Ningetulia vipi? Nilishuka, nikasukuma ule mlango bila hodi.

Ndani kulikuwa na wanawake watano kwenye mkeka, wote na raba zao. Mama mmoja wa makamo alikuwa anamfunga mwenzao kile kitambaa cha kupimia presha. Yule mzee alikuwa anamimina uji kwenye vikombe. Kumbe ni mume wa huyo mama, na mama mwenyewe ni muuguzi mstaafu.

Mke wangu alinitazama, hakushtuka hata. Akasema taratibu, "Umekuja kunipima tena?"

Nikaurudisha ule mlango nyuma yangu.

Yule muuguzi akanivutia kigoda. "Kaa, baba. Mama Tumaini, mwambie mwenyewe."

Akaniambia. Kabla ya Krismasi alianguka kibandani, mimi nikiwa safarini Dar. Niliporudi akasema ilikuwa malaria. Haikuwa malaria. Alikuwa anameza vidonge vya kupunguza mwili, alivyouziwa na mchuuzi upande wa pili wa mpaka, havina hata jina. Moyo ukaanza kwenda mbio, halali, mikono inatetemeka, mpaka huyu muuguzi akamwachisha.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, na nilianza kumeza kwa ajili yako?"

Akanikumbusha harusi ya binamu yangu. Nilisimama mbele ya watu nikasema mke wangu akipita kwenye mzani wa malori pale barabarani watamshusha mzigo. Ukumbi mzima ulicheka. Mimi nililisahau kesho yake. Yeye wiki hiyo hiyo alivuka mpaka kutafuta vidonge.

Yule muuguzi ndiye aliyewaambia wote pale: mwaka huu hakuna anayeandika kilo. Andika kitu ambacho mwili wako utakifanya, siyo utakavyoonekana. Wanatembea pamoja, wanakunywa uji, wanapimwa presha. Basi. Hiyo ndiyo siri yote niliyoifukuzia na pikapu.

Pasaka alipanda kilima cha kwa mama yake bila kusimama. Mimi nilisimama mara mbili. Kilo zake sizijui, na sitauliza.

Nilichojifunza: nilipoteza mwezi mzima kumtafuta mwizi wa mke wangu, nikasahau kujitazama. Kama una mtu anayepanga malengo ya mwaka mpya, msikilize anapanga kwa ajili ya nani.

Niliomba msamaha, akanisamehe. Ila mpaka leo nikimwambia gauni limempendeza, ananitazama kwanza usoni, kuona kama nacheka.

Waliowahi kuyajenga upya haya mambo, ilichukua muda gani mpaka wenzenu wakawaamini tena? Semeni ukweli, nasoma yote.