Kura Isiyo na Beseni

Kura ya mbunge naijua vizuri. Unapewa karatasi, unainamia beseni la plastiki lililowekwa mezani ili mtu asione, unatia tiki, unaitumbukiza karatasi sandukuni, unapakwa wino kidoleni na kwenda zako. Hata uchaguzi mdogo, kiti kinapobaki wazi, huwa vivyo hivyo. Lakini mwenyekiti wa kijiji chetu hapa Luzira huchaguliwa kwa mstari. Unasimama nyuma ya unayemtaka, mchana kweupe, watu wote wakikuona. Aliyebuni utaratibu huo nadhani hajawahi kupanga chumba.

Mwaka ule waligombea wawili: mwenye nyumba wangu, na jirani anayeuza samaki karibu na bandari. Mume wangu, askari polisi, alikuwa amepelekwa kaskazini nilipojifungua, na huyo jirani ndiye aliyenishika mkono hadi hospitali. Mwenye nyumba alilijua hilo. Asubuhi ya kura alinisubiri getini.

"Nnyabo, wewe mama, ile ya bunge munajificha. Hii hapana. Hii mimi naona na macho yangu. Chumba unaitaka ama hauitaki?"

Mtoto mgongoni, mume mbali, ningehamia wapi?

Uwanjani, msimamizi alipopuliza filimbi, watu walikimbilia mistari yao. Mstari wa mwenye nyumba ulijaa wapangaji wake, vichwa chini. Naye hakuacha kugeuka kuhakiki. Macho yake yalinikuta bado nimesimama katikati, peke yangu, kama mjinga. Nikasema moyoni, liwalo na liwe, nikaenda kwa muuza samaki.

Vichwa vikainuka. Nilidhani ni kwa ajili yangu. Halafu mtu akaja kusimama nyuma yangu, akanishika bega kwa nguvu. Alikuwa mke wa mwenye nyumba.

"Songa mbele kidogo," alininong'oneza. "Usigeuke. Anatuangalia."

Tulihesabiwa kwa kuguswa begani, mmoja mmoja. Mwenye nyumba akashinda, akabebwa juu juu, akahutubia kuhusu umoja. Niliporudi nyumbani nilikuta magodoro mawili yametupwa nje ya geti, langu na la mke wake.