Mama Aliyekataa Kupoteza Askari

Baba yangu mdogo alikuwa deklaranti kule mpakani Kasumbalesa, yaani mtu wa kuwajazia wenye malori karatasi za forodha, na kila aliporudi nyumbani alibeba kitu ambacho hakuna aliyekiagiza. Safari moja ilikuwa feni isiyo na mapanga. Safari nyingine, katoni nzima ya viatu vya mguu wa kushoto. Mwaka ule ambao serikali ya zamani ilikuwa ikianguka kipande kwa kipande, alituletea mashine ya michezo ya televisheni kutoka Japani, yenye maneti mbili, vile vidude vya vitufe vya kushika mkononi na kuchezea, na kaseti moja tu.

Tulikuwa tunakaa Makomeno, mtaa mmoja wa mji wa migodi. Mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, na shule zilikuwa zimefungwa kwa mgomo wa walimu, kwa hiyo mimi na kaka yangu tuliunganisha mashine asubuhi ileile. Tulitegemea magari ya mbio, au watu wa kupigana ngumi. Badala yake tukaona uwanja wa kijani uliogawanywa miraba, na vijitu vidogo vimesimama juu yake, vinasubiri. Kaka alibonyeza kitufe. Kikatokea kidirisha cha maandishi ya Kijapani. Akabonyeza tena, kikatokea kingine.

"Hii iko mubaya," akasema. "Bantu habatembei."

Akaenda kucheza mpira. Mimi nilibaki kwa sababu viatu vyangu vilikuwa vimelowa. Kufika saa sita nilikuwa nimegundua kwamba vijitu vile vinatembea, ila kila kimoja kwa zamu yake, na ukishawatembeza wako wote, adui naye anatembeza wa kwake. Hakuna anayekukimbiza. Unaweza kumwangalia mpanda farasi wako nusu saa nzima, ukifikiria umpeleke msituni au darajani, na muziki unaendelea kupiga polepole kana kwamba una siku nzima. Katika mji ambao kila mtu alikuwa akikimbia kuuliza habari, ule utulivu ulinishika.

Wa pili kushikwa alikuwa jirani yetu, mwalimu wa hesabu, ambaye mtaa mzima ulimwita Prof. Babu yake alitoka mkoa wa Kasai zamani kuja kufanya kazi migodini. Tangu mgomo uanze, Prof alipiga pasi shati lake kila asubuhi kisha akakosa pa kwenda. Alikuja kuomba kaa la moto la kuwashia jiko lake, akaona televisheni, akasahau kaa.

"Lakini hii ni échecs!" akasema, akimaanisha sataranji. "Échecs ambayo kila pion, kila kete, iko na roho yake."

Kesho yake alirudi na daftari la miraba. Alichora kila alama ya Kijapani iliyotokea, na pembeni akaandika alichodhani ndiyo maana yake. Inayofanana na ngazi iliyoegemea ukuta: kupiga. Inayofanana na mtu aliyebeba ndoo: kuponya. Tulikosea sana. Kuna alama tuliyoamini kwa wiki mbili kuwa ni "pumzika", kumbe ni "tupa silaha", na mpiga mishale wetu akapigana vita nzima mikono mitupu. Tulishangaa tu mbona ana uvivu.

Vita ile ndiyo iliyomwingiza Mama. Alikuwa fundi wa nguo, na cherehani yake ilikaa sebuleni humohumo, akiwa ametupa mgongo. Mpiga mishale alipoanguka, niliguna kwa nguvu.

"Nini tena?" Mama akauliza bila kugeuka.

"Amekufa."

"Atarudia saa ngapi?"

"Harudi, Mama. Hapa muntu akikufa, amekufa kabisa."

Cherehani ikanyamaza. Mama akageuka kwenye kiti chake, akanitazama mimi, akamtazama Prof.

"Na ninyi munaendelea tu?"

Akainuka, akauliza kitufe cha kuanza upya ni kipi, akakibonyeza mwenyewe. Kazi yetu ya asubuhi nzima ikapotea. Tangu siku hiyo ikawa sheria ya nyumba: hakufi mtu. Akifa mmoja, hata kama tumebakiza adui mmoja wa kumaliza, tunaanza vita upya.

Prof aliteseka. "Mama, mathématiquement, tukitoa muntu moja, tunashinda haraka."

"Basi ujitoe weye, Prof."

Na Mama alicheza vizuri kuliko sisi wote. Alikuwa anahesabu miraba kwa kidole juu ya kioo, akiwa na pini mdomoni. Hakumsogeza mtu kabla ya kujua adui wa mbali kuliko wote anaweza kufika wapi. Msichana wa kanzu nyeupe aliyeponya wenzake, ambaye tulimwita masœur kama watawa wa parokia, alimweka daima katikati, amezungukwa. Wengine waliuliza kwa nini mama mzima anacheza na vitu vya watoto. Aliwajibu kwamba ana bantu kumi na mbili wa kulinda na hana nafasi ya maneno.

Halafu vita yenyewe ikafika. Kwa siku kadhaa tulisikia milio upande wa uwanja wa ndege, na mchana kutwa tulilala kifudifudi kwenye korido, Baba akituhesabu kila mara kana kwamba mmoja angeweza kutoroka. Asubuhi moja kukawa kimya. Watu wakatoka barabarani na matawi ya miti, wakiwashangilia askari wapya waliotoka mashariki, waliovaa mabuti ya mpira. Umeme ulikuwa bado upo. Mama akarudi kwenye cherehani. Mimi nikawasha mchezo, kwa sababu sikujua nifanye nini kingine.

Askari wanne wakaingia kwenye ua wa parseli yetu kutafuta wanajeshi wa zamani waliojificha. Watatu wakazunguka nyuma ya nyumba. Mmoja akaingia sebuleni, mtu mzima, mrefu, matope mpaka magotini.

"Hapa hamufichi askari?"

"Askari beko mu télé tu," Mama akasema.

Yule bwana aliinama, akaitazama televisheni. Akatazama sana.

"Nani anawaongoza?"

"Ni miye."

Akaweka bunduki juu ya rundo la vitambaa na kuomba maneti. Mama akamwambia vile vitambaa ni vya wateja. Akaiondoa bunduki, akaisimamisha pembeni, akakaa kwenye kigoda changu. Nilimwonyesha vitufe. Papo hapo akampeleka mpanda farasi peke yake ng'ambo ya daraja. Maadui wakamzunguka, na akaanguka.

"Ona sasa!" Mama akafoka, akasahau anaongea na nani. "Unamutuma muntu moja? Peke yake?" Akaruka na kubonyeza kitufe. Uwanja ukarudi kama mwanzo, mpanda farasi amesimama mzima.

Askari akakodoa macho. "Kumbe wanarudi?"

"Kwangu banarudia."

Akasema, bila kututazama, "Sisi tulivuka mto kule juu. Tulikuwa kumi na mbili, kama hawa."

"Na sasa?" Mama akauliza.

"Saba."

Nje wenzake walikuwa wakicheka na Prof, ambaye alikuwa akiwaonyesha vitambulisho vyake vyote hadi kadi ya ubatizo. Mama akachukua maneti, akamrudishia mkononi.

"Anza polepole," akasema. "Masœur abakie katikati."

Yule askari alikuja tena alasiri tatu mfululizo. Mama alimlazimisha avue mabuti mlangoni, akavua, na soksi zake zilikuwa na matundu ambayo Mama aliyaziba yeye akiwa anacheza. Alicheza vibaya, kisha vibaya kidogo, na siku ya tatu akavuka daraja na watu wote kumi na wawili. Akasimama, akatushika mikono mmoja mmoja kama askofu baada ya misa. Kesho yake kikosi chake kikapelekwa Kinshasa. Kwa wiki kadhaa Mama aliwauliza askari sokoni habari zake, lakini hatukuwa tumemuuliza jina. "Ni murefu," alikuwa anasema, "na eko anajifunza." Wakamwambia, "Mama, warefu ni wengi."

Kaseti tuliimaliza kiangazi hicho, nchi ikiwa imeshabadilishwa jina na wanafunzi wameanza kujifunza wimbo wa taifa mwingine. Vita ya mwisho tuliirudia mara tisa. Adui mkubwa alipoanguka, Baba alipiga makofi ingawa hakuwahi kuelewa chochote. Kisha zikaanza kupita sura za watu wetu, moja moja, kila moja na mistari mirefu ya Kijapani chini yake.

"Banasema nini?" Mama akauliza.

Prof akavaa miwani. Alijua alama za kupiga na kuponya tu, na sote tulijua hivyo, Mama naye. Lakini akakohoa, akaanza kusoma kwa sauti ya darasani. Mpanda farasi amerudi kwenye shamba lake. Mpiga mishale ameoa. Masœur amefungua dispansari, wagonjwa wanapanga foleni mpaka barabarani.

"Huyu muoaji," Mama akamkatiza, "alizaa batoto bangapi?"

"Banne," Prof akasema, bila kusita. "Wa mwisho ni msichana."

Mama akatikisa kichwa kwa kuridhika, akamwashiria aendelee na anayefuata.