Diwani Ametafuna Kahawa

Jumamosi iliyopita nilikuwa pale stendi, mjini kwetu Karagwe, diwani alipopanda juu ya kreti kujibu uvumi kwamba wodi ya wazazi itafungwa ili soko jipya lijengwe.

"Uongo mtupu!" alipaza sauti mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. "Soko litajengwa, taa za barabarani zitawaka, na wodi haifungwi!"

Vigelegele kila kona. Na mimi, nakiri, nilipiga mluzi.

Ndipo mama mmoja wa Bweranyange akapenya hadi mbele.

"Shikamoo, mama," diwani akasema.

"Marahaba. Unayosema ni kweli?"

"Kweli kabisa."

Mama akafungua fundo la kanga, akatoa tunda moja la kahawa ya kutafuna, akalipasua kwa meno. Punje moja akaitia kinywani, ya pili akamnyooshea diwani. Watu wakasogea karibu. Huku kwetu hakuna asiyejua: wawili wakigawana punje za tunda moja wamekuwa ndugu, na ndugu hadanganywi.

Diwani aliitazama ile punje, akatutazama sisi, akaitafuna. Shangwe ikalipuka!

"Haya, mdogo wangu," mama akasema, huku kamshika mkono. "Binti yangu anajifungua mwezi ujao. Wewe sasa ni mjomba wake. Tutakutana wodini."

Nimehudhuria mikutano mingi ya siasa, sijawahi kuona mtu akimeza kwa shida namna ile. Tangu siku hiyo natembea na kahawa mfukoni. Wagombea ni wengi, nami bado sina ndugu wa kutosha.