Mshubiri Niliounenepesha

Wenzangu tuliokulia Temeke wakati wa vita, siku za kupanga mstari wa sukari, mtakumbuka kwamba uani hakukosi mshubiri. Wetu ulikaa kwenye debe bovu la mafuta ya taa. Kuku akiugua, kipande cha jani kinatiwa kwenye maji yake. Na mtoto akifika wakati wa kuacha kunyonya, mama anajipaka utomvu wake kwenye ziwa. Mtoto anaonja, anakunja uso, basi, kazi imekwisha.

Mwaka ule Mama alikuwa mjamzito, na mdogo wangu Saidi, meno yamemjaa kinywani, bado ananing'inia kifuani. Mama alichoka. Alikuwa akisinzia ungo wa mchele mapajani, na Saidi ananyonya vilevile. Mkunga akamwambia amwachishe kabla mwezi haujaandama. Akishindwa, mtoto apelekwe kwa Bibi, kule Mbweni, akalisahau ziwa huko. Mie nililala jamvi moja na Saidi. Sikutaka aende.

Basi nikajipa kazi ya kuutia nguvu mshubiri. Kwa akili yangu ya darasa la pili, ukinenepa utazidi uchungu. Nikachukua mtungi uliovunjika shingo, nikatia samadi ya mbuzi, majivu ya jikoni, maganda ya mayai niliyoyatwanga, makapi ya chai, maganda ya ndizi na maji ya kuoshea samaki. Nikafunika kwa gunia siku saba. Harufu yake, wenzangu, nzi wa Temeke nzima walihamia kwetu. Bi Mwanaidi, jirani mwenye mbuzi, akachungulia juu ya ua wa makuti, akaniita.

"We Zuhura, mnafuga mshubiri au mwari ndani? Mbona anakula hivyo?"

Mama alicheka, na siku nyingi nilikuwa sijamsikia akicheka.

Nikawa naumwagia asubuhi na jioni. Majani yakavimba, manene kama mkono wangu, yanang'aa. Niliwaita hata wenzangu wa shule waje kuyaona.

Siku ilipofika Mama akakata jani moja, akajipaka, akakaa kwenye kigoda. Saidi akaja mbio, akaonja. Akatulia kidogo. Akalamba midomo, akaendelea kunyonya.

Mama akaligusa lile jani kwa ncha ya ulimi.

"Maji matupu," akasema taratibu. "Umeulisha mno, mwanangu. Uchungu wote umeuondoa."

Hakunipiga. Angenipiga ningepata nafuu. Aliegemea ukuta tu, akafumba macho, akamwacha anyonye.

Kesho yake tuliomba jani kwa Bi Mwanaidi, chungu kama nyongo, lakini Saidi alikwisha kuona kwamba ile ni kama rangi tu, inafutika. Akaifuta kwa kiganja, akanyonya huku analia. Wiki haikuisha, Bibi akaja kumchukua. Jamvi likawa pana usiku ule, sikujua miguu niiweke wapi.

Alikaa miaka miwili. Aliporudi aliniamkia, shikamoo dada, akasimama mlangoni kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Mpaka leo akisema "kwetu" anakusudia Mbweni.

Wasichana wa siku hizi wanapanda mshubiri kwenye makopo waliyoyapaka rangi, wanauweka barazani uwe pambo, wala kuku hawana. Wanakuja kuniuliza wautie nini unenepe. Nawafundisha mbolea ile ile ya mtungi, nawaambia kikombe kimoja kwa mwezi kinatosha, nao wanaziba pua na kanga kabla hata sijataja maji ya samaki. Sie tulichanganya kwa mikono.

Wangu mie, kwenye debe lake uani, hauli kitu. Mchanga, majivu kidogo, na mvua ikipenda. Majani yake membamba, ncha zimekuwa nyekundu kwa jua. Mwanangu wa kwanza, niliyempata utu uzimani, anakaribia miaka miwili sasa, na mwili wangu umechoka kama ule wa Mama kwenye kigoda. Kila asubuhi natoka uani na kisu, navunja kijincha, naonja. Mchungu kweli kweli, hauna kasoro. Kisha namsikia ananiita ndani, nakiweka kisu juu ya debe, nakwenda kumnyonyesha.